Sura ya 6: Kugawanya Bila Kugawanya

Leo ikiwa Jumatano, baada ya siku 100 itakuwa siku gani? Hakuna anayehesabu siku moja moja mpaka 100. Mtu huzitupa wiki kamili zote 14, akabaki na siku 2, akajibu: Ijumaa. Hiyo ndiyo hesabu ya baki. Unachagua namba moja, hapa 7, tutakayoiita kigawanyo, na kila jibu linalofika au kupita kigawanyo hicho unalipunguza mpaka liwe dogo kuliko chenyewe. Ujumlishe, utoe au uzidishe, kinachohifadhiwa mwishoni ni baki tu.

Kadi ya benki yenye chipu hufanya hesabu hiyohiyo. Pasipoti ya kielektroniki huifanya, na simu huifanya kila unapofungua tovuti ya benki au ya ofisi ya kodi. Ila kigawanyo chao kinaweza kuwa namba ambayo ukiiandika kwa mkono itajaza karibu ukurasa mzima wa daftari. Wahandisi wameiingiza hesabu ya namba za namna hiyo ndani ya kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha, na ninapoiangalia historia ya kazi yao naona uzi mmoja unaopita kila mahali: kukwepa kugawanya. Karibu kila wazo zuri katika fani hii limezaliwa hapo.

Tuanze na sababu ya namba hizo kuwa kubwa. Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, wote wakiwa MIT huko Marekani, walibuni njia ya usimbaji inayoitwa RSA, kwa herufi za kwanza za majina yao. Unachukua namba tasa mbili kubwa za siri, unazizidisha, na zao lake, tuliite N, unalitangaza kwa wote. Anayetaka kukutumia siri hugeuza ujumbe wake kuwa namba, akaipandisha kwa kipeo kilichotangazwa, akagawanya kwa N na kukutumia baki. Wewe unayezijua zile namba tasa mbili una kipeo kingine, cha siri, kinachourudisha ujumbe ulivyokuwa. Usalama wote umekaa juu ya ugumu wa kuichambua N mpaka zipatikane namba tasa zilizoizaa, kwa hiyo N haina budi kuwa kubwa. Ukubwa uliozoeleka leo ni biti 2048, yaani tarakimu 617.

Kupandisha kwa kipeo cha ukubwa huo kwa kuzidisha mara moja moja ni kazi isiyoisha kamwe. Njia inayotumika ni kulizidisha jibu kwa lenyewe tena na tena, ukisoma kipeo biti kwa biti: kila biti inadai jibu lizidishwe kwa lenyewe, na kila biti iliyo 1 inadai zidisho la ziada. Kipeo cha umma kinachotumika zaidi, 65537, kina biti mbili tu zilizo 1, hivyo mazidisho 17 yanatosha. Kipeo cha siri ni kirefu karibu sawa na N yenyewe, na kwa kawaida nusu ya biti zake ni 1. Hapo tunahitaji mazidisho yapatayo 3000. Baada ya kila moja lazima litafutwe baki, la sivyo namba inakuwa na urefu maradufu kila hatua na hakuna kumbukumbu duniani itakayoihimili.

Kuzidisha kwenyewe kulikuwa kumepata dawa mapema. Mwaka 1960, katika semina Chuo Kikuu cha Moscow, mwanahisabati mashuhuri Andrey Kolmogorov alieleza dhana yake kwamba njia ya shuleni ya kuzidisha haiwezi kupitwa. Anatoly Karatsuba, kijana wa miaka 23 aliyekuwa akisikiliza, alirudi siku chache baadaye na njia iliyoipita: badala ya mazidisho manne madogo, matatu yanatosha. Tutakutana nayo tena, kwa sababu ambayo Karatsuba asingeweza kuiota.

Kugawanya ni jambo jingine. Kumbuka tulivyofundishwa. Unatazama upande wa kushoto wa namba, unakisia kigawanyo kinaingia mara ngapi, unazidisha, unatoa. Ukikuta umezidisha kiasi unarudi nyuma na kukisia upya. Kila kisio husubiri lililotangulia, na hilo ndilo linaloikwamisha mashine. Mashine ni hodari wa kufanya mambo mengi madogo kwa wakati mmoja, lakini hapa imefungwa kwenye foleni ya hatua ambazo hakuna hata moja inayoweza kuanza kabla ya nyingine kwisha. Ubaya mwingine ni kwamba kujua kama umekisia kupita kiasi kunakudai ulinganishe namba mbili za biti 2048, kutoka mwisho mmoja mpaka wa pili.

Suluhisho lilitoka kwa Mmarekani Peter Montgomery, mwaka 1985, katika makala ya kurasa tatu tu kwenye jarida la Mathematics of Computation. Kurasa tatu! Sijui makala nyingine fupi kiasi hicho ambayo imeingia katika vifaa vingi kiasi hiki. Montgomery alipenda sana kazi ya kuchambua namba kubwa kuwa namba tasa, yaani kazi ileile ambayo RSA inaomba isiwezekane, na kazi hiyo nayo inakula mabaki mengi. Wazo lake ni kuanzia upande usiotarajiwa. Shule inaanza kushoto, yeye akaanza kulia.

Tuchukue kigawanyo kidogo, 97. Ukiiongezea namba yoyote 97 mara kadhaa, baki lake halibadiliki. Kwa hiyo tuna ruhusa ya kuongeza 97 tunavyotaka, na Montgomery anaitumia ruhusa hiyo kufanya tarakimu mbili za mwisho ziwe sufuri. Zikishakuwa sufuri anazikata. Tujaribu na 135. Tuongeze 97 mara ngapi ili namba iishie na 00? Jibu halihitaji kukisia: tazama tarakimu mbili za mwisho, 35, uzidishe kwa 67, ambayo imetafutwa mara moja tu mwanzoni kwa sababu 67 mara 97 ni 6499, inayoishia na 99. Unapata 2345, unachukua 45. Sasa 45 mara 97 ni 4365, na 4365 ukijumlisha 135 ni 4500. Kata sufuri mbili, inabaki 45. Kazi imekwisha, na hatujagawanya kwa 97 hata mara moja. Tuligawanya kwa 100 tu, na kwa anayeandika kwa tarakimu kumi hiyo ni kufuta sufuri.

Msomaji makini atauliza: lakini baki la 135 kwa 97 ni 38, mbona tumepata 45? Swali zuri, na ndipo palipo na uzuri wa njia hii. Kukata sufuri mbili kumeigawanya namba kwa 100, kwa hiyo jibu limebadilika. Montgomery anajilinda kwa kuzidisha kila namba kwa 100 kabla ya kuanza na kuweka baki lake. Tuseme tunataka 3 mara 5. Baki la 300 kwa 97 ni 9, na la 500 ni 15. Zidisha 9 kwa 15, unapata 135, ileile tuliyoianza. Ipitishe kwenye njia ya Montgomery, unapata 45. Na 45 ni nini? Ni baki la 1500 kwa 97, yaani 15 ikiwa imebeba mia yake. Namba mbili zilizobebeshwa mia zikizidishwa zinaleta mia mara mbili, njia inaondoa moja, nyingine inabaki mahali pake. Namba zinaweza kukaa katika umbo hilo kwa mazidisho yote 3000, na umbo la kawaida linarudi mara moja tu mwishoni.

Kwenye biti mambo yanazidi kuwa mepesi. Badala ya 100 tunatumia 2 iliyopandishwa kwa kipeo kikubwa, na kukata sufuri kunakuwa kusogeza biti kulia, jambo ambalo kwenye saketi ni waya tu. Ukiamua kwenda biti moja kwa wakati, hata lile zidisho la 67 linapotea. Namba iliyopo mkononi ama ni shufwa ama ni witiri. Ikiwa shufwa, isogeze kulia. Ikiwa witiri, iongezee N, ambayo kwenye RSA ni witiri daima, itakuwa shufwa; kisha isogeze kulia. Uamuzi wote unatokana na biti moja ya mwisho kabisa, na biti hiyo ndiyo ya kwanza kupatikana katika kujumlisha kokote.

Saketi ya msingi basi inaweza kuelezwa kwa pumzi moja. Kwa kila biti ya namba ya kwanza: ikiwa ni 1, jumlisha namba ya pili kwenye rejista, ikiwa jumla ni witiri, jumlisha N, sogeza kulia. Rudia mara 2048. Ikiwa kila mzunguko unachukua pigo moja la saa ya chipu, zidisho moja ni mapigo 2048, na mazidisho 3000 ni kama mapigo milioni 6. Chipu ndogo ya megahezi 50 itaimaliza kazi nzima kwa sekunde 0.12 hivi. Mtu anayesubiri risiti kaunta hatatambua.

Lakini hesabu hiyo ina sharti lililojificha: kwamba namba mbili za biti 2048 zinaweza kujumlishwa ndani ya pigo moja. Hapa ndipo wasanifu wa chipu wanapopoteza usingizi. Ukijumlisha 1 na 99999, ile 1 ya kubeba inasafiri kutoka tarakimu hadi tarakimu mpaka mwisho, kama ndoo inayopita mikononi mwa safu ya watu kutoka kisimani. Wa mwisho hawezi kufanya lolote mpaka wote waliomtangulia wamalize. Kwenye biti 2048 safari hiyo ni ndefu mno.

Dawa yake ni kukataa kubeba. Kila nafasi inapokea biti tatu na kutoa mbili: biti ya jumla na biti ya kubeba. Badala ya kuisukuma ile ya kubeba kwa jirani mara moja na kumfanya asubiri, saketi inaihifadhi katika rejista ya pili. Namba moja sasa inaishi kama namba mbili ambazo hazijajumlishwa, na nafasi zote 2048 hufanya kazi papo hapo, kila moja ikiwa na saketi yake ndogo. Muda unaohitajika ni uleule, iwe namba ina biti 16 au 16,000. Ni mara moja tu, mwishoni kabisa, ambapo rejista mbili hujumlishwa na kubeba kukaruhusiwa kusafiri.

Uhifadhi huo usingeisaidia njia ya shuleni ya kugawanya. Namba iliyogawanyika katika rejista mbili huwezi kujua kwa haraka kama imezidi N, maana kulinganisha kunadai kwanza ijumlishwe. Kujua kama ni shufwa au witiri, hata hivyo, kunahitaji biti za mwisho tu. Mawazo haya mawili yanashikana kana kwamba yalitungwa pamoja. Kulibaki kulinganisha kumoja: njia ya Montgomery ya mwanzo huishia na jibu ambalo pengine limezidi N kidogo, na lazima N itolewe. Mwaka 1999 Colin Walter alionyesha kwamba ukiruhusu namba zikae chini ya maradufu ya N, na ukaongeza mizunguko michache, utoaji huo hauhitajiki kabisa katikati ya kazi.

Kuna tatizo la waya pia, ambalo vitabu vya hisabati havilitaji. Ile biti moja ya mwisho inayoamua kama N ijumlishwe lazima ifike kwenye nafasi zote 2048, na waya mrefu wenye wasikilizaji wengi ni wa polepole. Mwaka huohuo wa 1999 Alexandre Tenca na Çetin Kaya Koç walieleza saketi iliyokatwa vipande vya maneno mafupi: kipande cha kwanza kikimaliza neno la kwanza hukipasia cha pili, na uamuzi unasafiri pamoja na data, hatua kwa hatua. Uzuri wake ni kwamba vipande hivyohivyo huhudumia namba ya urefu wowote. Ukihitaji biti 4096 kesho, huhitaji kubuni chipu upya. Unaizungusha ileile mara nyingi zaidi.

Sasa tufike kwenye hasara, kwa kuwa kasi katika usimbaji haipatikani bure.

Ya kwanza inaanzia mbali: kitabu cha kale cha Kichina cha hesabu, Sunzi Suanjing, kina fumbo la namba ambayo ukiigawa kwa 3 inabaki 2, kwa 5 inabaki 3, na kwa 7 inabaki 2. Jibu ni 23. Fundisho lake ni kwamba unaweza kuifanyia namba kazi kupitia mabaki yake madogo, kisha ukaiunganisha. Mwaka 1982 Jean-Jacques Quisquater na Chantal Couvreur waliitumia kanuni hiyo kwenye RSA: mwenye ufunguo anazijua namba tasa mbili, basi afanye kazi kwa kila moja peke yake. Namba zina nusu ya urefu, hivyo kila zidisho linagharimu robo, na kipeo nacho ni nusu. Kwa pande zote mbili pamoja kazi inapungua mara nne, na ukiwa na saketi mbili zinazokwenda sambamba inapungua mara nane.

Mwaka 1997 Dan Boneh, Richard DeMillo na Richard Lipton walionyesha jinsi akiba hiyo inavyoweza kuangamiza kila kitu. Tuseme kadi inatia sahihi ya kidijitali, na katikati ya kazi umeme unayumba, biti moja inageuka katika upande mmoja tu kati ya zile pande mbili. Sahihi inayotoka ni sawa kwa namba tasa moja na ni kosa kwa nyingine. Ukiipandisha kwa kipeo cha umma na kutoa ujumbe wa asili, tofauti inagawanyika kwa namba tasa moja bila nyingine. Tafuta kigawo kikubwa cha shirika kati ya tofauti hiyo na N, hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaijua, na ufunguo wa siri uko mkononi mwako. Sahihi moja mbovu inatosha. Tangu hapo chipu iliyotengenezwa kwa uangalifu huikagua sahihi yake yenyewe kabla ya kuitoa nje, na kama hailingani hukaa kimya.

Muda nao husema. Mwaka 1996 Paul Kocher alieleza kwamba anayepima muda ambao mashine inachukua kufungua siri anaweza kuukisia ufunguo biti kwa biti, na ule utoaji wa mwisho wa N, unaotokea wakati mwingine na wakati mwingine usitokee, ni mojawapo ya mambo yanayovuja. Wengi waliona hilo ni tishio kwa kadi tu, zinazoshikwa mkononi na adui. Mwaka 2003 David Brumley na Dan Boneh walitoa ufunguo wa seva kupitia mtandao wa ndani, kwa kuiuliza maswali yapatayo milioni moja na kupima muda wa majibu. Walisaidiwa na mambo mawili: utoaji wa Montgomery, na ukweli kwamba programu ilikuwa ikitumia njia ya Karatsuba kwa namba zenye urefu sawa na njia ya shuleni kwa zisizolingana. Mbinu mbili zilizowekwa ili kuharakisha ndizo zilizozungumza. Ndiyo maana ninaithamini kazi ya Walter kuliko mwonekano wake mdogo: saketi isiyo na utoaji wa mwisho huenda kwa muda uleule kila mara, na haina hadithi ya kusimulia.

Wapo waliouliza kama tunalazimika kuishi na N isiyo na mpangilio wowote. RSA haina hiari, maana N yake ni zao la namba tasa za bahati nasibu. Usimbaji wa mikunjo ya duaradufu, uliopendekezwa mwaka 1985 na Neal Koblitz na Victor Miller kila mmoja kwa njia yake, unamwachia msanifu achague kigawanyo mwenyewe. Rudi kwenye 97. Ni 100 kutoa 3, kwa hiyo katika hesabu yake kila mia ni sawa na 3. Baki la 2408 basi ni 24 mara 3, jumlisha 8, yaani 80. Daniel Bernstein, katika kazi aliyochapisha mwaka 2006, alichagua 2 kwa kipeo cha 255, kutoa 19. Sehemu ya juu ya jibu inazidishwa kwa 19 na kuongezwa kwenye ya chini, basi. Namba zenyewe ni fupi mara nane kuliko za RSA, hivyo zidisho moja linakuwa jepesi mara 64 hivi. Mkunjo huo, Curve25519, ndio unaotumiwa na WhatsApp kulinda ujumbe kutoka simu hadi simu, na mamilioni ya Waswahili huuendesha kila siku bila kuliona jina lake. Ni mkunjo wa aina iliyoelezwa mwaka 1987 na Peter Montgomery yuleyule, naye akiwa bado anatafuta njia za kuchambua namba.

Montgomery alifariki mwaka 2020, wakati fani nzima ikijiandaa kuhama. Peter Shor alikuwa ameonyesha mwaka 1994 kwamba kompyuta ya kwanta yenye uwezo wa kutosha itavunja RSA na mikunjo pia. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa kiwango kipya kilichojengwa juu ya njia iitwayo Kyber, na kigawanyo chake kinashangaza kwa udogo: 3329. Kinaingia katika biti 12. Mzigo umehamia kwenye wingi, kwani kila kipengee ni orodha ya namba 256, na kuzidisha orodha mbili kwa njia ya shuleni ni mazidisho 65,536. Namba 3329 ilichaguliwa kwa sababu 3328 ni 13 mara 256, na hilo linaruhusu orodha igeuzwe kwa hatua 7 zenye mazidisho 128 kila moja, jumla 896, kisha orodha mbili zizidishwe karibu kipengee kwa kipengee. Ndani ya kila moja ya hatua hizo, msimbo wa mfano wa Kyber unatafuta baki kwa njia ya Montgomery, sufuri zikikatwa kulia biti 16 kwa mpigo.

Hata hivyo kugawanya kulipata upenyo. Sehemu moja ya kufungua ujumbe, ambako kila namba hubanwa mpaka biti moja, ilikuwa imeandikwa kwa alama ya kawaida ya kugawanya kwa 3329. Waandishi walitarajia kitafsiri cha programu kiibadilishe kuwa zidisho, na mara nyingi kilifanya hivyo. Katika baadhi ya mashine na mipangilio hakikufanya: kilitumia amri halisi ya kugawanya, ambayo muda wake hutegemea ukubwa wa namba inayogawanywa, na namba hiyo ilikuwa ya siri. Mwishoni mwa mwaka 2023 udhaifu huo, uliopewa jina KyberSlash, ulitangazwa, na watafiti wakaonyesha kwamba kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 2 ufunguo unaweza kutolewa ndani ya saa chache. Marekebisho yalikuwa mistari michache. Alama ya kugawanya iliondolewa, na mahali pake pakaandikwa zidisha kwa 80635, kisha sogeza kulia biti 28.